Kikohozi

Bwana, unalijua duka langu:
mianzi sita, paa la nyasi, kando ya barabara ya Aizawl,
na muuzaji hakuna.
Bei nimeziandika kwa mkaa.
Kopo la kutia pesa, kopo la kujichukulia chenji,
na jiwe juu ya kila kopo kwa ajili ya upepo.
Upepo tu. Jirani sikuwahi kumwekea jiwe.

Mimi huwa shambani, chini ya mteremko,
napalilia haradali.
Mama aliuza hivi, na mama yake.
Jioni napanda, nahesabu, nashukuru, nalala.

Mwezi huu hesabu zimekataa.
Rupia ishirini. Kesho yake arobaini.
Kabichi mbili zimekwenda, na kopo halina habari.

Ndipo nikaanza kukusumbua.
Nikiwasha moto: nipe hekima.
Nikimenya tangawizi: nipe hekima.
Kanisani midomo yaimba, moyo wapiga hesabu:
ni yule dereva wa lori? Ni mtoto wa Rempuii?
Nikamtazama mtoto wa watu kwa jicho baya ibada nzima,
naye ndiye aliyenipisha kiti.

Hukujibu.
Dada yangu akasema, Weka kufuli.
Mchungaji akasema, Samehe,
kisha akanunua maboga, akalipa kamili.
Wote wawili walisema kweli,
na kweli zao hazikuiva chungu kimoja.

Alhamisi nikajificha nyuma ya migomba.
Ukungu, miguu imekufa ganzi,
na neno langu nimelinoa: Kumbe ni wewe!
Nimelirudia mpaka likawa tamu,
na hapo ningeshtuka,
maana sijawahi kuonja hekima yenye utamu wa namna ile.

Akaja Chhuanvawra.
Chhuanvawra anayetupigia ngoma ya ibada,
aliyechimba kaburi la mume wangu mvua ikimpiga mgongoni
na chai akakataa.
Akasimama mbele ya kabichi kama mshtakiwa.
Akatia moja mfukoni. Akaliinua lile jiwe,
akalipima mkononi,
akalirudisha palepale. Hakutia kitu.

Mkewe karudi kutoka hospitali, hajaanza kula.
Nguruwe wao wote wameuzwa.
Hayo niliyajua, kijiji kizima tunayajua.
Sikuwa nimeyajumlisha na rupia zangu.

Nikafungua kinywa, neno tamu likiwa ncha ya ulimi,
na nikakohoa.

Sikukusudia. Ulikuwa ukungu, au ulikuwa wewe.
Nikakohoa tena, sasa kwa kusudi,
nikakanyaga majani makavu kama nyati,
nikayalalamikia magoti yangu kwa sauti ya juu,
huku naja polepole, polepole,
nimpe mtu muda wa kuwa mtu.

Nilipofika, kabichi imerudi mezani,
naye anasoma bei kana kwamba ameanza shule leo.
"Afadhali umepita," nikasema. "Hizi zitaniozea.
Mpelekee mkeo. Na hii tangawizi, ya kikohozi."
"Anayekohoa ni wewe," akasema.
Tukacheka kidogo,
kila mmoja akitazama bonde upande wake.

Basi ndiyo hiyo?
Niliomba taa, nikapewa koo linalowasha?
Sijui kama nilitenda vema. Labda nimemzoesha.
Na nilisema uongo: kabichi zile zilikuwa na umande bado.
Juzi kopo lilizidi rupia tano, jana lilipungua kumi.
Sijajificha tena.

Asubuhi hii nimepanda na kikapu mgongoni,
kamba yake kwenye paji la uso,
na ninakuomba kama ambaye hajawahi kuomba,
kwa kuwa ile ya Alhamisi ilitosha Alhamisi,
na pale kwenye kona namwona Rempuii anakuja,
yeye na mwanawe,
mtoto ananipungia mkono,
na sijui nianzie wapi.